Je, Bado ni Trekta la Babu?



Jambo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi laonekana dogo, tena la mafundi kuliko la watu wote. Ni hili: mtu akirithi mashine kuukuu, akaitoa injini iliyokufa na kuitia nyingine, je, mashine hiyo bado ni ile ya mwenyewe wa kwanza? Na kama siyo, je, mrithi amemheshimu marehemu ama amelifuta jina lake? Wengine watacheka na kusema chuma ni chuma. Lakini swali hili limekwisha kuwagawanya ndugu wa tumbo moja, na chini yake limelala swali lililo kubwa zaidi, yaani, yatupasa kukitunza namna gani kile tulichoachiwa na waliotutangulia.

Twasema habari za yale matrekta madogo ya mkono ambayo watu wengi huyaita pawatila. Trekta la namna hii lina magurudumu mawili, na mwendeshaji hutembea nyuma yake ameshika mikono miwili mirefu, ama huketi mbele ya tela anapobeba mzigo. Mengi yaliingia vijijini baada ya mwaka 2009, Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza. Mengine yalinunuliwa na wakulima wenyewe kwa fedha ya nyanya na vitunguu. Hapa Kalenga, na katika vijiji vilivyo kando ya Mto Ruaha Mdogo, bustani zetu ni nyembamba, zimejaa mifereji na matuta. Trekta kubwa haliwezi kugeuka humo bila kubomoa mfereji wa jirani. Kwa hiyo trekta la mkono lilitufaa.

Lakini miaka imepita. Injini ya silinda moja iliyolima asubuhi, ikavuta maji mchana na kubeba matenga ya nyanya jioni, imechoka. Ukipita leo katika nyua zetu utayaona matrekta haya yamesimama chini ya miti, magurudumu yameishiwa upepo, na kuku wametaga chini ya tela. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake, hulitazama kwa jicho moja, hutaja bei ya kilo.

Nyumbani kwetu lipo moja la namna hiyo, tuliloachiwa na babu wa watoto. Jioni baada ya shamba, na Jumamosi baada ya kazi za nyumba, twakutana hapo baba, mama na watoto. Turubai hutandikwa chini, spana hupangwa kwa namba, nati na bolti hutiwa katika makopo kila aina peke yake. Twajua nyumba nyingine zinazofanya vivyo hivyo. Wala si sisi wa kwanza duniani. Kule Marekani familia nyingi huwa na matrekta madogo ya bustani yenye magurudumu manne, kama yale ya Wheel Horse, na ya Cub Cadet yaliyoanza mwaka 1961. Gia zake zilifanywa kwa chuma kizito, na mara nyingi huishi kuliko injini. Basi baba na watoto wake hununua kuukuu, hutia injini mpya, hupaka rangi, na kazi hiyo kwao ni burudani. Kwetu sisi burudani na mkate haviko mbali hivyo. Lakini ile furaha ya kusikia mashine iliyonyamaza ikinguruma tena, twadhani ni moja kila mahali.

Ndugu Watatu

Mara nyingi mabishano huanza hivi. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, na watoto wake wanakutana kugawana. Trekta limesimama uani. Wa kwanza asema, "Tuliuze kwa kilo, tugawane fedha, kila mtu aende kwake kwa amani." Wa pili asema, "Lisiguswe. Baba alilinunua kwa jasho lake. Na libaki kama alivyoliacha, liwe kumbukumbu." Wa tatu asema, "Mimi nitalitia injini nyingine, nilime." Hapo wa pili hukasirika: "Ukiitoa injini ya baba, umeliua trekta la baba. Utakalolima nalo ni lako, usiliite la baba."

Tusiwadharau hawa watatu. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Wa kwanza ajua kwamba ugomvi wa urithi ni mbaya kuliko kukosa trekta. Wa pili ajua kwamba si kila kitu hupimwa kwa mizani ya mnunuzi. Wa tatu ajua kwamba mvua ya Desemba haingoji mtu. Lakini hawawezi kupata wote watatu wanachotaka, na hapo ndipo hatuna budi kuamua.

Tuanze na maneno ya yule wa pili, maana ndiyo mazito. Je, ni kweli kwamba ukibadili kilicho cha maana kabisa katika kitu, kitu chenyewe kimekwisha? Fikirini jembe la bibi. Mpini ulivunjika, babu akachonga mwingine. Baadaye bapa likalika hadi likawa dogo kama kijiko, akanunua bapa jipya na kulitia katika mpini uleule. Mpini ukavunjika tena. Sasa hakuna hata kipande kimoja cha lile jembe la kwanza, na bado mjukuu hutumwa akaambiwa, "Kalete jembe la bibi," naye hukosei. Analeta lile lile.

Wagiriki wa kale nao walibishana juu ya neno hili. Plutarch aliandika kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa miaka mingi, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema ni merikebu ileile, wengine walisema siyo. Twaona kwamba bibi zetu walikuwa na jibu bila kwenda Athens. Jembe ni la bibi kwa sababu liko katika nyumba ya bibi, lafanya kazi ya bibi, katika shamba la bibi, na walilopewa kulitunza ni watoto wa bibi. Umoja wake hauko katika chuma wala katika mti. Uko katika kazi ambayo haikukatika na katika mikono iliyopokezana.

Namna Mbili za Kuhifadhi

Lakini hapa mtu aweza kutujibu vizuri, na jibu lake twalisikia kila siku sisi wa Kalenga kuliko watu wa mahali pengine. Atasema, "Mbona basi pale makumbusho hatubadilishi kitu?" Naye ana haki kuuliza. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Mtwa Mkwawa hapa hapa kwetu. Mkwawa mwenyewe alikufa mwaka 1898, na fuvu lake likachukuliwa. Lilirudishwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa hapa Kalenga. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema mkuki wa makumbusho utiwe mpini mpya upate kuwinda nao. Kitu kile chapaswa kukaa kama kilivyo, kwa maana kazi yake sasa ni kushuhudia. Ukikibadilisha, umeuharibu ushuhuda.

Basi ziko namna mbili za kuhifadhi. Viko vitu ambavyo huhifadhiwa kwa kutuliza, na viko vitu ambavyo huhifadhiwa kwa kutumia. Kisima kisichotekwa huziba. Mfereji usiopitishwa maji hujaa mchanga. Wimbo usioimbwa hupotea. Trekta liko upande huu wa pili. Halikununuliwa lishuhudie, lilinunuliwa lilime. Yule ndugu anayetaka lisiguswe adhani analihifadhi, kumbe mvua yalila kila mwaka. Baada ya miaka 10 hatakuwa na kumbukumbu wala trekta, atakuwa na kutu. Na yule anayeliuza kwa kilo amesema jambo lisilo kweli juu ya kazi ya baba yake, kana kwamba jasho lile lilikuwa ni uzito wa chuma tu.

Kwa hiyo twasema kwamba yule wa tatu yu karibu zaidi na haki. Lakini yu karibu tu. Kwa maana kutia injini mpya kwaweza pia kufanywa kwa kiburi na kwa pupa, na hapo twamkaribisha aje uani tutazame kazi yenyewe.

Mpya Ije kwa Adabu

Jambo la kwanza mtu alilojifunza katika kazi hii ni kwamba injini mpya haiji kutawala. Katika matrekta mengi ya mkono injini hufungwa kwa bolti juu ya fremu, na nguvu yake hupita katika mikanda mpaka kwenye klachi na giaboksi. Ndiyo maana twaweza kubadili injini pasipo kuvunja kila kitu. Lakini giaboksi ni ya zamani, nayo ilizoea mwendo wake. Tuseme injini ya kwanza ilizunguka mara 2,000 kwa dakika ikiwa na puli yenye kipenyo cha sentimeta 12, na injini mpya huzunguka mara 2,400. Ukiiacha puli ileile, gia zitakwenda mbio kupita desturi yake. Yakupasa kutafuta puli ya sentimeta 10. Hapo 2,000 mara 12 na 2,400 mara 10 huleta hesabu ileile, yaani 24,000, na mkanda hukimbia kwa mwendo ule ule wa zamani. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo kwa mkaa juu ya ubao, na akiifanya hataisahau.

Kadhalika nguvu. Katika nyanda zetu hizi za juu, Iringa mjini ikiwa zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Kwa hiyo injini iliyopimwa pwani ikija kwetu imepungukiwa kwa asilimia 15 hivi. Mtu ajuaye hilo huchagua injini yenye nguvu kidogo zaidi. Kidogo tu. Akipita kiasi, akatia injini kubwa ili majirani wastaajabu, itazivunja gia kuukuu siku ya kwanza plau litakapokwama katika udongo mzito.

Je, hatuoni mfano hapa kwa nyumba zetu na hata kwa kanisa letu? Kijana mwenye nguvu akija katika kazi ya wazee, si lazima azimwe, wala si lazima wazee waondolewe. Yapasa itafutwe puli ya kuwapatanisha.

Historia nayo ina mifano miwili, mmoja wa heri na mmoja wa majonzi. Ule wa heri ni wa trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya 500,000. Mengi yalikuwa ya petroli. Kiwanda cha Perkins cha Peterborough kiliwauzia wakulima injini ya dizeli iitwayo P3, yenye silinda tatu, pamoja na vifaa vya kuifungia katika trekta lile lile. Mkulima hakulazimika kulitupa trekta lake. Alilitia moyo mwingine, akaendelea kulima. Na trekta la Massey Ferguson 35 nalo, lililokuwa na injini ya dizeli ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, lilitiwa na kiwanda chenyewe injini nyingine ya Perkins ya silinda tatu tangu mwaka 1959. Hakuna aliyelilia lile la kwanza.

Ule wa majonzi uko karibu nasi, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Matrekta mapya hayakutosha, kwa maana vita vilikuwa vimekwisha majuzi tu. Basi yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumiwa na majeshi, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kwa macho, ilikuwa kama unabii wa Isaya umetimia, wa silaha za vita kufuliwa kuwa zana za shamba. Lakini mashine nyingi ziliharibika mapema. Vipuri vilikuwa haba, mafundi wachache, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Wenyeji waliojua mvua na ardhi ile hawakusikilizwa vya kutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951, na mamilioni ya paundi yakapotea. Chuma cha zamani kilipewa kazi mpya, lakini hapakuwa na wa kukipatanisha na mahali. Kufufua mashine si kitu, kama hujui itakwenda kulima wapi na kwa ajili ya nani.

Furaha Yenye Mpaka

Sasa twaja kwa swali ambalo akina mama hutuuliza, nao wana haki. "Je, ni halali kutumia fedha na saa kwa mashine kuukuu wakati mtoto hana daftari?" Jibu letu ni kwamba si halali. Mchezo wowote ulao ada ya shule, dawa ya mgonjwa ama chakula cha nyumba, umeacha kuwa mchezo. Wapo wanaume ambao trekta bovu limekuwa kwao kama kilabu cha ulanzi: hapo ndipo wanapokwenda wasikutane na maswali ya nyumbani. Huyo hatengenezi trekta. Anajificha nyuma yake.

Kwa hiyo katika nyumba yetu tumejiwekea mipaka, nasi twaieleza kwa ajili ya wengine watakaopenda kuifuata. Fedha ya vipuri hutoka katika kile ambacho trekta lenyewe, ama bustani, kimezidisha baada ya mahitaji. Tukikosa fedha, twangoja. Ndiyo maana kazi yetu imechukua misimu miwili. Mama hushika daftari la matumizi, na kila nozeli, ringi na mkanda huandikwa humo. Jumapili spana hazitoki sandukuni. Na kazi inayopita ujuzi wetu, kama vile kuchonga silinda ama kusawazisha pampu ya dizeli, humpelekea fundi aliyesomea, wala hatumpunji ujira wake kwa kusema eti nasi ni mafundi.

Lakini baada ya kuweka mipaka hiyo, twapenda kuitetea furaha. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kazi ni njema ikiwa inaumiza tu, na kwamba mtu akiifurahia lazima kuna dhambi mahali fulani. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayesafisha kabureta ama nozeli hata ikang'aa, pasipo kulazimishwa wala kulipwa, ameonja kitu kidogo cha ile furaha ya kutazama kazi yake na kuona ni njema. Mnyonge aliye na kazi za kulazimika siku zote ahitaji kazi moja ya hiari kuliko tajiri.

Kinachotengenezwa ni Nini?

Tena kuna watoto. Chuma kina malezi yake. Chuma hakipokei udhuru. Nati iliyolegea imelegea, hata aliyeifunga awe mtoto wa nani. Ukisema umetoa upepo katika bomba la dizeli na hukutoa, injini haitawaka, nayo itakutangaza mbele ya wote bila kusema neno. Mtoto aliyezoea kusema "nimemaliza" ajifunza pole pole kusema "ngoja nitazame tena". Hayo ni mafundisho ya kweli, na hayahitaji fimbo.

Lakini chuma hakina huruma pia, na hapo ndipo mzazi anapohitajika. Mtoto akipoteza nati moja ya muhimu katika majani, mzazi husimama mbele ya njia mbili. Aweza kupiga kelele, amwite mpumbavu, amfukuze uani. Nati haitapatikana kwa hilo, na mtoto hatarudi Jumamosi ijayo. Ama aweza kupiga magoti katika majani pamoja naye watafute. Yule apigaye kelele amesahau kitu gani kinatengenezwa pale. Trekta laweza kupata nati nyingine katika duka lolote la Iringa mjini.

Na tusiwaite wavulana peke yao. Binti anayejua kwa nini mkanda unateleza, na kwa nini injini inatoa moshi mweusi, hatadanganywa na fundi wa barabarani atakapokuwa na nyumba yake na mashine yake. Desturi ya kumwambia binti alete maji ya kunawa wakati kaka zake wakishika spana haikutoka mbinguni. Tuliirithi, na kama vile injini iliyokufa, twaweza kuiondoa pasipo kumvunjia babu heshima.

Mfereji wa Jirani

Mwisho twamrudia yule ndugu wa tatu, aliyesema, "Nitalitia injini nyingine, nilime." Nani atalimiwa? Hapo ndipo tunapoweza kujua kama trekta limebaki la babu ama limekuwa la mtu mmoja. Wazee wetu walikuwa na mgowe: majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja wao, na kesho la mwingine, na mjane hakuachwa nyuma kwa kukosa mume wa kushika jembe. Wengi wa wazee walionunua matrekta haya walilima kwao na kwa jirani, wengine kwa malipo, wengine kwa debe la mahindi baada ya mavuno, wengine bure. Mrithi akitia injini mpya, akafunga lango, na kudai kwa mjane bei ya tajiri, hapo twakubali maneno ya ndugu wa pili: trekta la baba limekufa. Halikuuawa na injini.

Kadhalika Mto Ruaha Mdogo. Oili chafu iliyotolewa katika injini kuukuu haina budi kumwagwa mahali, na mtaro wa maji uko karibu. Lakini maji yale yale humwagilia nyanya za aliye chini yetu, na watoto wake huyaoga. Oili ikusanywe katika dumu, ipelekwe kwa wenye gereji wanaoikusanya. Na kifuniko cha mikanda kirudishwe mahali pake hata kama kinachelewesha kazi, kwa maana vidole vya mtoto havina vipuri, na kanga ya mama ikinaswa katika mkanda unaokimbia hapana muda wa kuzima.

Aidha tukubali kwamba viko vitu ambavyo haviponi. Giaboksi ikipasuka ganda lake lote, ama fremu ikiliwa na kutu hata isishike bolti, hapana injini itakayosaidia. Hapo mwenye busara hulifungua trekta kwa utaratibu, akagawa gurudumu kwa huyu, plau kwa yule, mikono kwa mwingine, ndipo mabaki yaende kwa mizani. Hilo nalo ni kuheshimu. Trekta moja lililokufa laweza kuyasimamisha mawili ya jirani kabla ya mvua, na watakaoyaendesha watajua kipande kile kilitoka nyumba gani.

Basi tukirudia swali letu: je, bado ni trekta la babu? Twajibu, ni la babu ikiwa bado lalima, ikiwa wajukuu wake wajua kulifungua na kulifunga, na ikiwa mjane wa jirani bado aweza kuja uani mwezi wa Novemba kuuliza zamu yake ni lini. Yakikosekana hayo matatu, hata injini ya kwanza ingalikuwapo ndani yake na jina la babu limeandikwa kwa rangi ubavuni, lingalikuwa chuma cha mtu mwingine.

Mvua zi karibu. Nyumba yenye trekta lililolala na isiyojua pa kuanzia, isiwaite wenye mizani kwanza. Waulize majirani waliokwisha kuanza; turubai letu ni pana, na Jumamosi alasiri tupo.